Barua ya Wazi: Reli za Unguja Zitiwe Alama Kabla Hazijasahauliwa

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utalii na mambo ya kale;
Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi;
Kwa viongozi wa mamlaka inayosimamia hifadhi ya Mji Mkongwe,
Zanzibar.

Assalaam alaykum.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zinazowastahiki, naleta kwenu ombi ambalo halihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa. Naomba njia za reli mbili zilizowahi kupita katika kisiwa cha Unguja, ile ya Mjini hadi Chukwani na ile ya Mjini hadi Bububu, zifuatwe na wataalamu, zipimwe, zitiwe kwenye ramani na kuwekewa alama zenye maelezo sahihi, kabla ujenzi unaoendelea pande zote za mji haujamaliza kilichobaki. Ningeweza kuipeleka barua hii ofisini ikapigwa muhuri wa kupokewa na kutiwa kwenye jalada. Nimeona niiandike wazi kwa sababu jambo lenyewe linawahusu pia watu wasio na ofisi: wenye picha za mababu ndani ya masanduku, wenye viwanja vinavyopakana na njia ya zamani, na walimu wanaotafuta la kuwaeleza wanafunzi wao.

Naanza na Chukwani, kwa kuwa ndiko Wajumbe wa Baraza mnakokwenda kila mnapokutana. Mwishoni mwa miaka ya 1870, Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi alipofariki 1888, alitandika reli nyembamba kutoka jumba lake la mjini hadi jumba lake la Chukwani, mwendo wa maili 7 hivi, sawa na kilomita 11. Nafasi baina ya chuma na chuma ilikuwa futi 2, yaani sentimita 61, ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaivuka kwa hatua moja. Mwanzoni mabehewa mawili ya Sultani yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza Uingereza, kwa watengenezaji wa Bagnall wa mji wa Stafford, injini ndogo ya mvuke yenye magurudumu manne. Alipofariki, reli iling'olewa na injini ikaishia kuwa chuma chakavu.

Tuziweke tarehe mahali pake. Wajerumani walianza kutandika reli ya Tanga mwaka 1893. Waingereza walianza ya Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901. Kwa maana hiyo, injini ya mvuke ilikuwa imekwisha kukokota mabehewa juu ya ardhi ya Unguja, ikatumika kwa miaka, ikavunjwa na kuuzwa, kabla taruma la kwanza, yaani gogo la kulazia chuma cha reli, halijalazwa Tanga wala Mombasa. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba reli iliingia Afrika Mashariki kwa mlango wa Mombasa anapewa nusu ya habari, na nusu aliyonyimwa ni ile inayomhusu yeye, aliyezaliwa Unguja.

Sitaki hata hivyo ieleweke kwamba naomba Barghash ajengewe sanamu. Reli yake ilikuwa ya jumba, ikimchukua yeye na watu wa nyumba yake kwenda kupunga upepo, na mkulima wa Kiembesamaki hakupanda. Ilitandikwa wakati biashara ya watumwa ilikuwa imepigwa marufuku kwa mkataba wa 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado halali, na haukufutwa mpaka 1897. Kibao chochote kitakachosimamishwa Chukwani kikisifu mabehewa na kunyamazia jambo hilo, kitakuwa kimeandikwa kwa ajili ya kuwafurahisha wageni. Barghash ndiye aliyeingiza maji ya bomba mjini na kujenga Beit al Ajaib mwaka 1883, na reli yake ni sehemu ya hamu ileile ya kuleta kila kilicho kipya duniani. Yote mawili yanaweza kusemwa katika aya moja bila ya mmoja kumfunika mwenziwe.

Reli ya pili ndiyo hasa inayonisukuma kuandika, kwa sababu ilikuwa ya watu.

Ilijengwa kati ya mwaka 1904 na 1905, katika enzi ya Sayyid Ali bin Hamud, na waliopewa kazi walikuwa Wamarekani, kampuni ya Arnold, Cheney ya New York. Kampuni hiyo ilikuwa hapa kwa biashara ya pembe za ndovu, zile zilizopelekwa Marekani kutengenezewa vibao vya piano. Wanaostaajabu kusikia Wamarekani wakijenga reli katika nchi iliyo chini ya himaya ya Mwingereza wakumbuke kwamba mkataba wa biashara kati ya Zanzibar na Marekani ni wa mwaka 1833, na kwamba kitambaa walichokileta tunakiita merikani hadi leo. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, ikageuzwa bohari ya vifaa vya reli. Chuma, mataruma na zana zikawekwa ndani ya kuta ambazo leo watu hukaa Februari kusikiliza muziki wa Sauti za Busara.

Kuna jambo ambalo kila ninapolisimulia watu husita kuliamini. Njiani kuelekea Bububu, mahali panapoitwa Beit el Ras, palikuwa na jumba lililoanzwa kujengwa na Sayyid Said, baba yake Barghash, mwaka 1847 kwa kuwa jumba lake la Mtoni lilikuwa limejaa. Alifariki 1856, jumba likiwa halijakwisha, na waliomrithi hawakuliendeleza. Reli ilipokuja, mawe ya jumba hilo yalichukuliwa kujengea njia ya treni. Sehemu kubwa ya yaliyobaki ilivunjwa katika miaka ya 1940 kupisha skuli na chuo cha ualimu, nacho ndicho Nkrumah ya leo. Kwa hiyo vizazi vya walimu wa nchi hii vimesomea juu ya msingi wa jumba ambalo kuta zake zilikwenda kulala chini ya reli. Mawe hayo yako wapi? Baadhi yake huenda yamo ndani ya tuta na madaraja madogo kando ya barabara tunayoipita kila siku kwa daladala za njia namba 502, na hakuna anayeweza kuyatambua kwa sababu hakuna aliyetumwa kuyatafuta.

Upana wa reli hii ulikuwa futi 3, sentimita 91 na kitu, upungufu mdogo tu kuliko mita moja ya reli ya Mombasa na ya reli ya kati ya Tanganyika. Urefu wake ulikuwa maili 7. Ilianzia kwenye Ngome, ikapita katikati ya mji kwenye njia zilizokuwa nyembamba hata kabla ya kuwekwa chuma, ikatokea upande wa Malindi, kisha ikafuata pwani kupitia Maruhubi, Mtoni na Kibweni hadi Bububu, kwenye mlango wa mashamba. Inaelezwa kwamba ilikuwa na safari tano hadi saba za kwenda na kurudi kwa siku, na ya kwanza iliondoka saa 10 za alfajiri.

Naomba tusimame kidogo kwenye saa hiyo. Saa 10 za alfajiri haondoki bwana mkubwa anayekwenda kutembea. Huondoka mtu mwenye mzigo anayetaka uwahi soko, na soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904, wakati mmoja na reli. Kabla ya hapo, mtu wa Bububu aliyetaka kuuza ndizi au mihogo yake mjini aliibeba kichwani, au alikodi punda, au alisubiri ngalawa na upepo. Treni ilimweka mjini kabla ya jua kuchomoza na kumrudisha kwake adhuhuri. Palikuwa pia na behewa la daraja la kwanza kwa wanaotaka kujitenga, na meli za abiria zilipotia nanga, wageni walitengewa behewa wakapelekwa kuona mashamba na kurudishwa kabla meli haijapiga honi. Wanaofikiri kwamba ziara za mashamba ya viungo ni ubunifu wa miaka ya 1990 wazingatie hilo.

Nisiifanye kuwa peponi. Watu wa mji walikuwa na malalamiko yao, na yalikuwa ya haki. Injini ilitupa cheche, na cheche zilipoangukia makuti na vitu vingine vinavyoshika moto upesi, mali ya watu iliungua. Treni ya Bububu ilijulikana kwa jambo hilo. Ndani ya mji ilipita karibu mno na nyumba. Zimebaki postikadi za zamani, zilizopigwa na wapiga picha waliokuwa na studio hapa Unguja, zinazoonyesha treni ikiwa baina ya kuta za mawe na chokaa. Mtu akizitazama kwa makini anaona hali ilivyokuwa: injini imeziba njia, moshi unakwenda juu kuelekea madirisha ya ghorofani, na watu waliovaa kanzu wameegemea ukuta kuipisha, wakiwa wametulia kama wanaompisha hamali mwenye mkokoteni. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa haina sherehe ndani yake wala hakuna anayeshangaa. Treni ilikuwa imekwisha kuwa jambo la kila siku katika mji ambao leo hauna hata kibao kinachosema kwamba iliwahi kupita. Kama kipo, mimi mkaazi wa njia hiyo sijabahatika kukiona.

Mwaka 1911, uleule ambao Sayyid Ali alijiuzulu na Sayyid Khalifa bin Harub akashika nafasi yake, kampuni iliiuza reli kwa serikali ya Zanzibar. Barabara zikatengenezwa, magari yakaongezeka, abiria wakahama. Kufikia 1922 huduma ya abiria ilikuwa imesitishwa. Reli ikabakia kuchukua mawe ya kujazia bahari kwa ajili ya bandari mpya, na mwishoni mwa miaka ya 1920 ikafungwa kabisa na chuma kung'olewa. Kwa maneno mengine, kazi yake ya mwisho ilikuwa kuijenga gati ya Malindi, ambayo ndiyo iliyoipokea karibu kila gunia la mchele tulilokula na karibu kila mtalii aliyekuja kwa boti.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanza kuwa ya leo. Mji ule wa bandari unabadilika mbele ya macho yetu. Mizigo inapangiwa kuhamia Mangapwani, kaskazini ya Bububu, na Malindi inatazamiwa kuwa ya abiria na wageni. Barabara zimepanuliwa na nyingine zitapanuliwa. Beit al Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, imekuwa somo kwetu sote kuhusu gharama ya kungoja. Jengo lile lilikuwa kubwa na maarufu, mlango wake ulijulikana dunia nzima, na bado lilianguka. Tuta la reli lililofunikwa na magugu lina mtetezi gani? Kijiko cha kuchimbia mtaro wa maji ya mvua kinaweza kulikata asubuhi moja, na dereva wake asijue kwamba amekata kitu, wala mhandisi aliyemtuma asijue, kwa sababu ramani waliyopewa haikuonyesha chochote. Siwalaumu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mali hii halijafunguliwa.

Nimewahi kuambiwa na mtu ninayemheshimu kwamba reli hizi ni mambo ya masultani na wakoloni, na kwamba nchi iliyofanya Mapinduzi haina haja ya kuyakumbatia. Nampa haki yake: historia ya visiwa hivi imesimuliwa kwa muda mrefu kupitia majumba na wenye majumba, na mtu akichoka nayo simshangai. Lakini hoja hiyo inaiponda zaidi reli ya Chukwani kuliko ya Bububu. Ya Bububu ilikuwa chombo cha wauza mboga, mafundi, watoto waliodandia, wasukuma mawe na wachoma moto wa injini. Ni miongoni mwa vitu vichache vya zama zile tunavyoweza kuvitumia kusimulia maisha ya watu wasioachiwa jumba wala kaburi la marumaru. Ukiiacha ikasahauliwa kwa sababu ilijengwa zama za Sultani, unawafuta wao, na Sultani anabaki na majumba yake yaliyokwisha kutiwa vibao.

Hoja nyingine ni fedha, na hiyo naiheshimu zaidi, maana spitali na skuli zina mahitaji ambayo hakuna kibao kinachoweza kushindana nayo. Ndiyo maana siombi jumba la makumbusho, wala siombi treni irudishwe kwa ajili ya watalii. Njia yenyewe imekwisha kujengwa nyumba, na kumhamisha mtu kwa ajili ya mchezo wa kuigiza treni kutakuwa ni dhulma. Ninachokiomba kina gharama ndogo kuliko ile ya kukarabati mlango mmoja wa Mji Mkongwe.

Kuna nchi ndogo ya kitropiki, maskini kama sisi na iliyopata masaibu zaidi yetu, ambayo ilifanya zaidi ya ninachokiomba. Sierra Leone ilikuwa na reli ya serikali yenye upana wa futi 2 na nusu, iliyoanza kutoa huduma mwishoni mwa karne ya 19 kutoka Freetown kuelekea bara. Ilifungwa mwaka 1974. Injini na mabehewa kadhaa, likiwemo behewa lililotayarishwa kwa ziara ya Malkia Elizabeth mwaka 1961, vilibaki kwenye karakana ya Cline Town, na humo vikapita katika vita vya 1991 hadi 2002, wakati ambapo watu waliokimbia makwao walipata hifadhi katika karakana hiyohiyo. Vita vilipokwisha, vilionekana vikiwa bado vipo, vikasafishwa na mikono ya vijana wa Freetown, na mwaka 2005 makumbusho ya taifa ya reli yakafunguliwa. Wao walikuwa na injini za kuonyesha. Sisi hatuna hata moja, na kwa sababu hiyo tunalazimika kuwa waangalifu zaidi na kile kidogo tulicho nacho: njia, mawe, karatasi na maneno ya watu.

Karibu nasi, Nairobi ina makumbusho ya reli tangu mwaka 1971. Mombasa ilikuwa na vigari vyake vya reli ya futi 2, vilivyosukumwa kwa mikono na wanaume wawili au wanne, abiria amekaa chini ya paa la turubai, na wenyeji wa Mombasa wanavijua kwa kuwa picha zake zimetundikwa na kuchapishwa mara nyingi. Mgeni akitoka Mombasa kuja Unguja atadhani reli ni habari ya kule tu. Hilo linaniuma kidogo, nakiri, na sina haja ya kulificha kwa maneno ya kitaalamu.

Sasa niyataje ninayoyaomba kwa uwazi, kwa kuwa barua za namna hii huzungukazunguka mpaka mpokeaji asijue afanye nini.

Kwanza kabisa, itumwe timu ndogo ya wataalamu wa mambo ya kale na wapima ardhi, ikiwa pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa, ipite kwa miguu kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu ikiwa na ramani za zamani mkononi, na kuandika kila daraja dogo, kila tuta na kila ukuta unaoshukiwa kuwa wa reli. Kilomita 11 ni kazi ya siku chache. Beit el Ras wasimame muda mrefu zaidi, wayatazame mawe ya ukumbi uliosalia na kuyalinganisha na yale yaliyomo kwenye tuta, kwa sababu hilo ni swali linaloweza kujibiwa na mtu mwenye ujuzi wa mawe, na jibu lake litapendeza kuliko hadithi nyingi zinazouzwa kwa wageni. Njia ya Chukwani itakuwa ngumu zaidi. Imepita miaka zaidi ya 130 tangu ing'olewe, na sitegemei kubakia chuma wala taruma. Lakini mwelekeo wake unaweza kutafutwa kwenye ramani, na hiyo nayo ni elimu.

Matokeo ya kazi hiyo yatiwe kwenye ramani rasmi za mipango miji, ili kila mkandarasi anayepewa kazi ya barabara, bomba au mtaro kwenye njia hizo alazimike kutoa taarifa kabla ya kuchimba na akikuta chuma au jiwe lililochongwa asimame. Hili ndilo nalitilia mkazo kuliko yote. Kibao kinaweza kungoja mwaka kesho, lakini tuta likishakatwa halirudi.

Kuhusu vibao vyenyewe, sihitaji vingi. Kimoja mbele ya Ngome, kimoja Malindi kwenye njia iliyobana, kimoja Beit el Ras, kimoja Bububu na kimoja Chukwani vinatosha. Viandikwe Kiswahili kwanza na kwa herufi kubwa, lugha nyingine zifuate chini yake. Visiseme "inasemekana" pale ambapo tarehe inajulikana, wala visitaje tarehe pale ambapo vitabu havikubaliani. Kuhusu mwaka wa kufungwa kwa reli ya Bububu, kwa mfano, vinatofautiana, na ni bora kuandika mwishoni mwa miaka ya 1920 kuliko kuchonga kosa kwenye jiwe. Visieleze upana wa reli kwa milimita peke yake. Ingekuwa jambo zuri zaidi kama chini ya kibao cha Malindi vipande viwili vya chuma vingelazwa sakafuni kwa umbali wa futi 3, vikiwa sawasawa na ardhi visimkwaze mtu, ili mtoto apimishe hatua yake na kuona jinsi treni ilivyopita baina ya nyumba hizi na hizi.

Nyaraka ni mlango mwingine. Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu pale Kilimani ina hazina ya mafaili ya serikali ya zama za himaya, na serikali iliyonunua reli mwaka 1911 haikosi kuwa iliandika juu ya nauli, mishahara, fidia za moto na majina ya wafanyakazi. Naomba mafaili hayo yatafutwe, yapigwe picha na kukusanywa pamoja, hata kama yatakuwa machache. Fidia za moto zingenipendeza zaidi, kwa kuwa ndani ya madai ya mtu aliyeunguliwa na banda utaona alikuwa na nini, alikithamini kiasi gani na alijibiwa vipi. Sambamba na hilo, itolewe wito kwa redio na misikitini kwamba mwenye picha, tiketi, msumari wa reli au simulizi ya babu aliyefanya kazi huko aende nayo ikapigwe picha na kurejeshewa mwenyewe palepale. Sisitizo liwe kwenye hilo neno la kurejeshewa, maana watu wa Mjini wameshawahi kutoa vitu vya wazee wao wakaambiwa wangoje, na wangali wakingoja.

Aliyewahi kupanda treni ya Bububu akiwa mtu mzima hayupo tena duniani. Waliobaki ni waliosimuliwa, nao umri wao umekwenda. Mimi mwenyewe nilisimuliwa na watu ambao walisimuliwa, na nafahamu jinsi maneno yanavyopungua na kuongezeka njiani. Hata hivyo simulizi la mkono wa pili lililoandikwa leo lina thamani kuliko la mkono wa tatu litakaloandikwa baada ya miaka 20.

Kwa upande wa skuli, naomba wahusika wa mitaala waongeze ukurasa mmoja tu katika somo la historia, na walimu wa skuli zilizo kando ya barabara ya Bububu wapewe ruhusa ya kuwatoa wanafunzi asubuhi moja wakatembee kwenye njia hiyo pamoja na wataalamu. Wanafunzi wa Nkrumah watakaokuwa walimu kesho wanaweza kuanza bila kupanda gari.

Waheshimiwa, najua meza zenu zina mambo mazito. Kwa hiyo ikiwa katika yote haya mtakuwa na nafasi ya kutenda moja tu katika mwaka huu wa fedha, naomba liwe kutoa barua ya kurasa mbili kwa wakandarasi na wahandisi wa barabara, yenye ramani ya njia ya reli ya Bububu kadiri inavyojulikana sasa, na agizo la kutoa taarifa kabla ya kuchimba. Inaweza kuandikwa wiki hii. Wapo wakaazi wa Bububu, Kibweni na Malindi walio tayari kuonyesha sehemu wanazozijua bila ya malipo, nami ni mmoja wao, na tutakuja ofisini siku yoyote mtakayotuita.

Wabillahi tawfiq.

Mkaazi wa Bububu,
Unguja